Foleni ya mpakani ihesabiwe kuwa sehemu ya safari ya kazini

Ukimuuliza mkazi wa Nengo, pale Gisenyi, inamchukua muda gani kufika kazini, huenda akakujibu kwa swali: kazi ya upande huu au ya upande wa pili? Kama ni ya upande huu, atakutajia dakika. Kama ni ya Goma, atakwambia, "Inategemea."

Neno hilo "inategemea" ndilo tunalotaka kulijadili leo. Msomaji wetu unayeamka usiku ili uwe mpakani kabla geti halijafunguliwa unalijua vizuri kuliko sisi. Siku moja unavuka kama anayeingia sokoni. Siku nyingine jua linakupata umesimama palepale, nyanya zinalainika na mteja wako wa Birere ameshanunua kwa mwingine. Njia ni ileile na miguu ni ileile. Kinachobadilika ni foleni, na foleni hiyo haimo katika hesabu ya mtu yeyote isipokuwa wewe uliyesimama ndani yake.

Tuanze na mahali penyewe. Nengo ni akagari, yaani kata, katika tarafa ya Gisenyi, wilaya ya Rubavu, Jimbo la Magharibi la Rwanda. Iko kando ya Ziwa Kivu, na wengi wanaifahamu kwa hoteli za ufukweni, miti ya barabarani na nyumba za zamani zilizojengwa enzi za Wabelgiji. Geti la Grande Barrière, wengine wanaliita La Corniche, liko jirani kabisa. Petite Barrière, lile la waenda kwa miguu na wabeba mizigo midogo, liko kaskazini zaidi, mkabala na mitaa ya Birere. Goma na Gisenyi ni kama mji mmoja uliopitishwa mstari katikati. Mgeni anayetazama kutoka ziwani hawezi kukuonyesha Rwanda inaishia wapi na Kongo inaanzia wapi.

Kila asubuhi kuna watu wanaokuja Nengo na kuna wanaotoka. Wanaokuja ni wahudumu wa hoteli, wapishi, walinzi, watunza bustani, wasaidizi wa nyumbani na makarani. Wengi hawaishi humo, kwa sababu kodi ya nyumba karibu na ziwa si ya mshahara wao. Wanatoka Rugerero, Nyundo, Kanama, Nyamyumba na vilima vya nyuma ya mji. Wengine huelekea kusini badala ya mjini, Rubona kwenye kiwanda cha bia, au Pfunda kwenye kiwanda cha chai. Hawa wote husafiri kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki, na kwa basi dogo pale linapopatikana.

Kwa mwenye pikipiki, mji huu ni mdogo. Kutoka katikati ya Gisenyi hadi Rubona si zaidi ya kilomita saba au hivi. Lakini nchini Rwanda pikipiki hubeba abiria mmoja tu, mwenye kofia ngumu, na nauli yake kwenda na kurudi kila siku hula sehemu kubwa ya ujira wa mtu wa chini. Ndiyo maana anayelipwa kidogo hutembea. Muda wa safari yake unapangwa na mfuko wake kuliko umbali. Watu wawili wanaotoka mtaa mmoja kwenda hoteli moja wanaweza kuachana kwa saa nzima njiani, mmoja akiwa meneja na mwingine akiwa mfua mashuka.

Serikali ya Rwanda imegusa muda huu mara mbili katika miaka ya karibuni. Tangu Januari 2023, saa rasmi za kazi ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na shule huanza saa mbili na nusu. Mzazi mwenye ajira ya ofisini alipata nafasi ya kumwandaa mtoto bila kukimbizana. Kisha Machi 2024 ruzuku ya nauli za mabasi, iliyokuwapo tangu wakati wa korona, ikaondolewa, na abiria akaanza kubeba gharama yote mwenyewe. La kwanza liliwapa watu muda, la pili likawaongezea gharama.

Lakini mfanyabiashara wa mpakani hakupata hata hiyo nafuu ya kwanza. Saa yake ya kuanza kazi haipangwi na baraza la mawaziri. Inapangwa na mkulima anayeshusha karoti na kabichi alfajiri, na geti linalofunguliwa saa kumi na mbili, wakati jua la Gisenyi linapochomoza. Wakati karani wa ofisini anakunywa chai, mama wa mboga anatakiwa awe ameshavuka, ameshauza nusu ya mzigo na ameshajua bei ya siku. Akikawia, hakuna bosi wa kumkemea. Kemeo lake ni hasara.

Hapo ndipo tunapofika kwenye foleni. Kabla ya korona, Petite Barrière ilikuwa ikihesabiwa miongoni mwa vivuko vya miguu vyenye watu wengi zaidi barani Afrika, makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Humo wamo wauza samaki na maziwa, vibarua wa ujenzi, wanafunzi, mafundi cherehani, wauguzi, na watu wenye ulemavu wanaosukuma mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Kwa muda mrefu pia wako Wakongomani wanaofanya kazi Goma na kupanga nyumba Gisenyi, na Wanyarwanda wanaosoma au kuuza Goma na kurudi kulala kwao. Kwa watu hawa kuvuka mpaka si safari ya nje ya nchi. Ni kwenda kazini.

Tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu. Mchukue mwanamke anayetoka Rugerero na mzigo wake kichwani. Tuseme anasimama foleni nusu saa asubuhi akienda na nusu saa jioni akirudi. Hiyo ni saa moja kwa siku. Kwa siku sita za wiki ni saa sita. Kwa majuma 50 ya mwaka ni saa 300. Siku ya kazi ikiwa ni ya saa nane, amepoteza siku 37 na nusu amesimama tu. Kama foleni ni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, jibu linakuwa siku 75. Hakuna mwajiri duniani anayeweza kumpokonya mfanyakazi wake siku 75 kwa mwaka bila malipo na watu wakanyamaza. Mpakani zinapotea, na hakuna anayeuliza kwa sababu hazijaandikwa popote.

Takwimu za usafiri wa wafanyakazi kwa kawaida huuliza: unatumia chombo gani, umbali gani, dakika ngapi barabarani? Maswali hayo yanafaa Kigali na Nairobi, ambako adui wa msafiri ni msongamano wa magari. Kwa Nengo, Birere, Busia, Namanga na miji mingine iliyokaa juu ya mstari, maswali hayo yanaacha nje sehemu ndefu kuliko zote. Mtu anayevuka anaonekana kwenye karatasi kama mwenye safari fupi sana, kilomita mbili tatu, na mpangaji wa mji anahitimisha kwamba hana shida.

Ubaya zaidi ni kutojua. Foleni ya saa moja kila siku, mtu anaweza kuipangia: ataamka mapema, atachukua bidhaa isiyoharibika haraka. Foleni ambayo leo ni dakika kumi na kesho ni saa tatu haipangiki. Na saa za geti zenyewe zimebadilika mara nyingi mno. Kuna wakati Grande Barrière ilikuwa wazi usiku na mchana. Tarehe 1 Agosti 2019, Ebola ikiwa imeshaingia Goma, mpaka ulifungwa ghafla kwa saa kadhaa na watu wakajikuta upande usio wao. Machi 2020 korona ikaufunga kwa watu na kuacha mizigo tu; wanawake waliokuwa wakivuka na beseni zao walilazimika kukusanya bidhaa kwa vikundi na kuzituma kwa lori, na wengi wao mtaji uliishia nyumbani. Ulipofunguliwa tena Machi 2022, haikupita miezi minne: Juni mwaka huohuo, vita vilipopamba moto na baada ya tukio la risasi pale Petite Barrière, upande wa Kongo ukaanza kufunga saa tisa alasiri. Siku ya kazi ikakatwa mkia.

Kisha ikaja Januari 2025. Vita vilipofika Goma mjini na M23 ikauchukua mji, makombora yalianguka hata Rubavu na kuua raia. Benki za Goma zikafungwa, na watu wakaanza kuvuka kuja Gisenyi kutafuta huduma za fedha. Hivyo mpaka ukaongezewa aina nyingine ya wasafiri: anayevuka kutoa mshahara wake. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Siasa za vita zina meza zake. Tunayaandika kwa sababu kila mara meza hizo zinapotikisika, wa kwanza kumwagikiwa ni yule aliyekuwa anaelekea kazini na mzigo kichwani.

Gharama ya kutojua inaenea mbali. Anayekopa asubuhi na kulipa jioni hushindwa kulipa jioni hiyo, na riba inaanza kutembea. Mtoto aliyeachwa kwa jirani hadi saa tisa anakaa hadi giza. Mwenye nyumba Nengo hapati msaidizi wake kwa wakati, hoteli inakosa samaki wa mchana, mgahawa wa Goma unakosa maziwa. Na wapo wanaochoka, wakachukua njia za panya usiku. Huko hakuna foleni, ila kuna wanaodai chochote, kuna kupokonywa mzigo, na kuna risasi. Mpaka halali ukiwa wa polepole na usiotabirika, unawasukuma watu kwenye mpaka haramu.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Kwanza, usalama. Ni kweli, na hatubezi. Eneo hili limezika watu wengi. Afisa anayepekua begi anafanya kazi yake, na yeye pia amesimama juani. Pili, afya. Ni kweli pia: kunawa mikono na kupimwa joto mpakani kulisaidia sana wakati wa Ebola, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayetaka ugonjwa umfuate sokoni. Tatu, ushuru: serikali hazijengi barabara kwa hewa. Hatuombi ukaguzi uondolewe. Tunasema ukaguzi unaweza kuwa mkali na bado ukawa na saa inayojulikana. Askari anayejua nani huvuka kila siku ana nafasi zaidi ya kumtazama yule asiyemjua.

Wapo pia watakaosema mkataba umeshatatua. Jumuiya ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, ilianzishwa Gisenyi hapahapa mwaka 1976, na kadi yake iliwavusha watu wengi kwa miaka mingi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na imetaja wazi uhuru wa watu na wafanyakazi kutoka nchi moja kwenda nyingine. Rwanda imo katika Jumuiya tangu 2007, na Kongo imejiunga mwaka 2022. Kwa karatasi, anayetoka Nengo kwenda Goma anatoka chumba kimoja cha nyumba yake kwenda kingine. Lakini karatasi haijafika foleni. Mama wa beseni hajui ibara ya itifaki. Anajua jetoni yake itapigwa mhuri saa ngapi.

Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri mkutano wa marais.

La kwanza ni saa. Mamlaka za pande zote mbili zikubaliane saa za kufungua na kufunga kila geti, zibandike mpakani kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa, na zisibadilishwe bila taarifa ya angalau siku moja, isipokuwa pale hatari inapokuwa mlangoni. Redio za Goma na Gisenyi zinasikika pande zote mbili. Tangazo la jioni linatosha kumwokoa mtu asinunue nyanya atakazozimwaga kesho. Saa za Gisenyi na Goma ni zilezile, ziko nyuma ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja. Tangazo liseme ni saa ya wapi, maana madereva wa masafa marefu wameshafika mara nyingi na saa isiyo ya hapa mkononi.

La pili ni kupima. Kila geti liandike muda wa kusubiri, asubuhi, mchana na jioni. Hakuhitajiki mitambo. Kikaratasi chenye saa anachopewa mtu wa mwisho kwenye foleni na kukirudisha dirishani kinatosha. Baada ya mwezi mmoja tutajua siku gani ni nzito na dirisha gani limelala. Wilaya inayopanga usafiri wa wafanyakazi iweke dakika hizo pamoja na zile za barabarani, na iitwe safari moja.

La tatu ni njia ya wanaovuka kila siku. Mwanafunzi, kibarua, mwuguzi na mchuuzi wanaovuka siku sita kwa wiki hawapaswi kuhojiwa kila asubuhi kama wageni. Wapewe kibali cha muda mrefu zaidi, na dirisha lao. Wenye bidhaa zinazooza na wenye ulemavu wapite kwanza, kwa utaratibu ulioandikwa, usiwe hisani ya afisa wa zamu. Hisani ina bei yake mpakani, na kila msomaji wetu anaijua.

La nne ni usafiri wa kufika getini. Mabasi madogo yanayohudumia viunga vya Rubavu yanatakiwa yaanze kabla ya saa kumi na mbili, si baada ya watu wa ofisini kuamka. Kama biashara hiyo ya alfajiri haimlipi mwenye basi, wilaya na vyama vya ushirika vikae naye waone namna ya kugawana gharama. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, magari husimama hadi kazi ya jamii imalizike. Nao Goma wana salongo yao. Ratiba hizo mbili zikioanishwa na saa za geti, mfanyabiashara hatapoteza asubuhi mbili kwa sababu ya moja.

Na wewe, msomaji, una sehemu yako. Anza kuandika. Nunua daftari la bei ndogo, andika saa uliyofika foleni na saa uliyovuka, na ulichoharibikiwa siku hiyo. Fanya hivyo wiki nne, ushirika wako ufanye hivyo kwa wanachama wote. Malalamiko ya mdomo hujibiwa kwa mdomo. Kitabu chenye saa na tarehe za watu hamsini ni vigumu kukifukuza ofisini. Wafanyakazi wa viwandani duniani walipata siku ya kazi ya saa nane baada ya kujua na kuonyesha walikuwa wakifanya ngapi. Wavuka mpaka hawajaanza kuhesabu.

Muwe pia waungwana ndani ya foleni. Anayempenyezea afisa noti ili apite mbele anaokoa dakika ishirini zake kwa kuziongeza kwa watu walioko nyuma, na kesho yake bei ya kupenya inapanda hata kwake.

Miji mingine ya Jumuiya imeonyesha kwamba muda wa mpakani unaweza kupunguzwa. Busia na Namanga zimejengewa vituo vya pamoja, msafiri anahudumiwa na maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja badala ya kusimama mara mbili. Hapa kwetu pia majengo ya kisasa yapo. Ukifika La Corniche utayaona. Jengo ni la kushukuru. Lakini jengo zuri lenye madirisha matano na afisa mmoja ni foleni ileile iliyoezekwa bati.

Gisenyi na Goma zimepitia mengi. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, watu wa Goma walikimbilia Gisenyi kwa maelfu usiku uleule, wakapokewa. Sebeya ilipofurika Mei 2023 na kubomoa nyumba za Rubavu, hasara ilihisiwa hadi kwenye masoko ya upande wa pili. Watu hawa wameshaungana kwa shida na kwa riziki. Wanachodai ni kidogo: anayetoka nyumbani alfajiri kwenda kutafuta chakula cha watoto ajue atafika saa ngapi, na atarudi saa ngapi. Gazeti hili linaona kwamba Jumuiya isiyoweza kumhakikishia hilo mtu wa Nengo bado ina kazi ya kufanya, na kazi hiyo ianzie getini.